Sura ya Tisa: Undugu wa Maziwa

Chaki ilimvunjikia Lela mkononi kabla hajaandika hata neno moja ubaoni.

"Chukua nyingine, dada," fundi wa magari alimwambia kutoka benchi la nyuma. "Hiyo imekuogopa."

Darasa likacheka, Lela naye akacheka, na hapo woga ukampungua. Ilikuwa Alhamisi jioni katika ukumbi wa mtaa wa Jericho, mwaka wa sabini na saba. Wanafunzi wa Mwalimu Kisilu walikuwa watu wazima waliokuja moja kwa moja kutoka kazini: karani wa reli, wauguzi wawili, huyo fundi mwenye grisi kwenye kucha, na Lela mwenyewe, mjane wa miaka ishirini na minne anayeshinda kwenye cherehani akishona sare za shule. Muhula ule mwalimu alikuwa amempa kila mtu watu wa mpaka mmoja wa dunia awasome, kisha aje awaeleze wenzake. Lela alipewa Meksiko Mpya, nchi iliyokuwa zamani ukingo wa mbali kabisa wa himaya ya Wahispania kule Amerika. Aliisoma wiki nyingi katika maktaba ya Kaloleni, mtoto wake Mishi akiwa amelala mgongoni.

Alitupa jicho dirishani, mahali anapokaa Roble, kijana mwenzake wa darasa. Kila siku macho yao yakikutana Roble huinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeitikia salamu ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Leo hakuinamisha. Alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe.

Lela akaanza hivyo hivyo.

"Msidhani kule walikaa Wahispania watupu. Waliotoka Uhispania kwenyewe walikuwa wachache. Wengi walipanda kutoka Meksiko, watu wa damu mchanganyiko: ya Uhispania, ya wenyeji wa asili, hata ya Afrika. Wakajenga nyumba za matofali ya udongo, wakafuga kondoo. Jirani zao walikuwa Wapueblo, ambao walikuwa wakilima mahindi pale tangu zamani za kale. Na kuwazunguka wote hao, Waapache na Wakomanche. Leo wamekuja sokoni na ngozi za kuuza, kesho wamekuja kuteka mifugo na watoto. Na Wahispania nao waliteka watoto."

"Wakawapeleka wapi?" muuguzi mmoja aliuliza.

"Majumbani mwao. Wakawatumikisha, wakawabatiza, wakawapa majina mapya. Watoto wale walipokuwa watu wazima hawakuwa wa huku wala wa kule. Mwishowe wakapewa vijiji vyao wenyewe, lakini vijiji vya ukingoni, ili adui akija wawe wa kwanza kumpokea."

"Mungu wangu," yule muuguzi alisema.

"Sasa nikajiuliza, watu kama hao waliishi vipi pamoja bila kumalizana? Kitu kimoja kilichowashikanisha ni ubatizo. Mtu akikushikia mtoto pale kwenye maji, basi mmekuwa ndugu. Hata kama yeye ni wa kabila lingine, hata kama baba zenu walipigana. Alikuwa baba wa mtoto wako kwa ubatizo, na kwako wewe alikuwa ndugu kabisa. Ndugu kiasi kwamba, kama wewe ni mjane, huyo bwana hawezi kukuoa. Kanisa lilikataza. Ruhusa ilitoka kwa askofu, na askofu alikuwa mbali kusini, safari ya miezi na nyumbu. Hata ndoa za kawaida, padri alikuwa kwanza anaita mashahidi. Anawaapisha mmoja mmoja: unawajua hawa? Wana undugu? Umeuona kwa macho yako huo undugu, au umeusikia kwa watu?"

"Kwa hivyo," fundi alisema, "ukimtaka mjane, usikubali kumbebea mtoto!" Akamgeukia Roble. "Umesikia, bwana Roble? Kila Alhamisi tukipita tunakuona umempakata Mishi mlangoni kwao. Shauri yako!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mambo ya Lela na Roble hayakuwa siri tena. Tangu mwezi wa pili, baada ya darasa, Roble alikuwa akimsindikiza hadi mlangoni, na watu walikuwa wameanza kuulizia siku ya pilau. Lela aliona haya tamu zikimpanda usoni, akamtazama Roble ili waone haya pamoja.

Roble hakucheka. Alikuwa amefumba macho.

*

Walisimama kwenye baraza ya ukumbi wengine walipokwisha kuaga. Jua lilikuwa linazama nyuma ya paa za nyumba za baraza la jiji, na kila mlango ulitoa harufu yake: huku vitunguu, kule omena, kule chapati. Roble alikuwa kijana mrefu, wa familia ya wauza vitambaa vya jumla kule Eastleigh, na alipohangaika alikuwa na tabia ya kukunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko, kisha kuikunjua tena. Sasa alikuwa anaikunjua.

"Umemwambia mama," Lela alisema. Hakuuliza.

"Nimemwambia."

"Na amekataa. Kwa sababu nina mtoto? Au kwa sababu mimi si Msomali? Niambie tu, Roble. Nimejiandaa kwa yote mawili."

"Natamani ingekuwa mojawapo ya hayo." Alikunja tena mkono mmoja wa shati. "Yangekuwa mambo ya kubishania. Mama alikuwa anamimina chai nilipomwambia. Akauliza, binti wa nani? Nikasema, wa marehemu Mgeni, aliyekaa Majengo. Aliiweka birika chini, Lela, akaanza kulia. Kulia kwa furaha! Akasema, Mgeni? Mgeni yule ndiye aliyekunyonyesha."

Lela hakuelewa mara moja. Alisikia maneno, akayaona yamesimama mbele yake, lakini hayakuingia.

"Aliyekunyo... nani?"

"Mama yako. Nilipozaliwa mama yangu alishikwa na homa ya matumbo, akalazwa hospitali wiki nyingi. Bibi yangu, mama yake baba, akanichukua mimi mchanga akanipeleka kwa jirani aliyekuwa amejifungua. Jirani huyo alikuwa mama yako. Mama aliporudi alinikuta nimenona. Halafu baba akapata duka Isiolo, tukahama, wakapotezana. Miaka yote hiyo mama humwombea dua kwa jina."

"Basi mimi na wewe..."

"Tumenyonya ziwa moja."

Wote wawili walikuwa Waislamu, na wote wawili walijua maana yake. Hakukuwa na haja ya kueleza. Aliyemnyonyesha mtoto ni mama yake, na binti wa mama huyo ni dada yake, hata kama wamezaliwa miaka mbalimbali, hata kama hawajawahi kuonana mpaka juzi. Dada haolewi na kaka yake.

Lela alirudi nyuma hatua moja, kisha akajiuliza kwa nini anarudi. Dada hamkimbii kaka yake. Akacheka kicheko kikavu ambacho hakukijua kuwa ni chake.

"Unaona dhihaka yake? Miezi yote hii nakaa mbali nawe mkono mzima, naogopa majirani. Sasa naweza kuja kwenu mchana kweupe, nikavua mtandio mbele yako, nikala sahani moja nawe. Nimepewa ruhusa ya kukuona kila siku ya maisha yangu, nikanyimwa wewe."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje?"

"Sijui. Sema lolote. Nitukane." Sauti ya Roble ilikuwa imepasuka. "Mama anakuja Jumapili. Anataka kukukumbatia. Amekununulia kitambaa, akakipiga pasi mwenyewe. Anasema Mungu amemrudishia binti."

Lela alishika nguzo ya baraza. Alimtazama usoni, akaanza kumkusanya kama mtu anayeokota vitu vyake upesi kabla mvua haijashuka: nyusi zile nene, kovu dogo la kidevuni, namna anavyouma mdomo wa chini. Haya yote alikuwa ameyazoea kama yake.

Kisha akauliza, "Nani aliona?"

"Aliona nini?"

"Mama yangu akikunyonyesha. Mama yako alikuwa hospitali. Nani aliona kwa macho?"

"Lela, usiniletee mapadri wako wa Meksiko. Bibi yangu alinipeleka kwa mkono wake mwenyewe!"

"Alikupeleka. Sawa. Alikaa ndani akatazama?"

"Mtaa mzima unajua!"

"Sijauliza nani anajua."

Roble alinyanyua mikono, akaiangusha. "Unataka nini? Niende nikamwambie mama kwamba ni mwongo? Yule mama amefurahi, Lela. Sijamwona amefurahi hivyo tangu baba afe. Mimi nimevunjika na yeye anaimba jikoni, na siwezi kumkasirikia, kwa sababu hajafanya kosa lolote." Akashuka ngazi. Chini pale aligeuka. "Nisalimie Mishi," alisema, akaenda zake bila kumsindikiza, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.

*

Mama Asenath alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni mwake akimlisha Mishi uji. Jina lake la ubatizo lilikuwa Phelister, mama wa Kijaluo mwenye mwili na sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya uwanja, muuza samaki katika soko la Jericho. Zamani alikuwa jirani wa Mgeni huko Majengo. Mgeni alipokuwa anakufa alimkabidhi binti yake, na Lela alipofiwa na mume, ni Mama Asenath aliyempa chumba cha nyuma bila kumwacha aombe.

"Nyathina, mwanangu, mbona uso umekuwa hivyo? Wamekucheka darasani?"

Lela alimchukua mtoto, akaketi kwenye mkeka, akaeleza yote. Alieleza polepole, kwa sauti ya chini, huku Mishi akimvuta hereni. Alipofika kwenye homa ya matumbo na bibi aliyembeba mtoto, kijiko kilisimama katikati ya bakuli. Mama Asenath akakiweka chini. Akaondoka, akafunga mlango wa uani, akarudi.

"Huyo Roble," alisema, "ni mtoto wa Ambaro? Yule Ambaro wa nyumba ya bati jekundu?"

"Mama yake anaitwa Ambaro, ndiyo."

"Wee!" Akajipiga paja. "Na mimi namwona kila siku hapo mlangoni, ananipa shikamoo naitikia, kumbe ni yule!" Alianza kucheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akapangusa macho kwa pindo la leso. "Nisikilize. Nilimwapia mama yako nisiseme, na nimekaa na neno hili miaka zaidi ya ishirini. Lakini hakuniapisha ili nikufungie wewe njia. Mama yako hakumnyonyesha yule mtoto."

Lela alimkumbatia Mishi kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

"Mgeni alikuwa amezaa, kweli. Mtoto wa kiume, kabla yako. Aliishi siku chache tu."

"Sikujua. Hakuniambia kamwe."

"Hakumwambia mtu. Ukimtaja alikuwa anatoka nje. Mtoto alipokufa maziwa yalikuja, yakakaa kidogo, yakakauka na homa na kilio. Sasa yule bibi wa Kisomali, mkali kama pilipili, hata bakuli nikiligusa alikuwa akilisuuza mara mbili, anakuja na kitoto kinalia hakina sauti. Anamwambia Mgeni, wewe ni Mwislamu, una maziwa, mwokoe mjukuu wangu. Na Mgeni akanyoosha mikono akampokea. Hakusema yamekauka. Ungeweza kusema wewe? Mikono ilikuwa mitupu, mwanangu. Alitaka tu kushika mtoto."

Mishi alikuwa ameiachia hereni, kama naye anasikiliza.

"Bibi alipotoka, Mgeni akagonga ukuta. Mimi nilikuwa chumba cha pili, Asenath wangu ana miezi mitatu, maziwa yanalowesha nguo. Nikapita mlango wa uani. Nikamnyonyesha huyo Roble wako mpaka akalala, na Mgeni amekaa pembeni anamshika mguu. Tukafanya hivyo mpaka mama yake akatoka hospitali. Usiku Mgeni analala naye kifuani, akilia anamleta kwangu. Akasema, Phelister, bibi akijua atamchukua, na mtoto atakufa. Na mimi nikaapa."

Lela aliangua kilio. Alimlilia kaka ambaye hakumjua, akamlilia mama aliyekaa pembeni akashika mguu wa mtoto wa watu. Kisha wazo jingine likamwingia, baridi, likamnyoosha mgongo.

"Na mimi, Mama Asenath? Mimi hukuninyonyesha? Hata mara moja, mama akiwa ametoka?"

Maana kama alinyonya kwa Phelister na Roble alinyonya kwa Phelister, basi mlango ungekuwa umefunguka na kufungwa papo hapo.

"Wewe? Wewe ulipozaliwa mimi nilikuwa nyumbani Siaya, shamba. Nimerudi unatembea, unakula ugali na unanipigia kelele. Na mama yako safari hiyo alikuwa na maziwa ya kugawa. Hapana. Wewe hunidai." Akakunja uso. "Lakini Asenath wangu na dada zake, hao ndio asiwaguse!"

Lela alicheka huku machozi yakimdondokea mtoto kichwani. "Utamwambia mama yake? Jumapili?"

Hapo Mama Asenath akatazama mikono yake mikubwa yenye alama za magamba ya samaki. "Nitasema. Lakini usijipe moyo sana. Mtu amemwombea dua mwanamke mmoja miaka yote hiyo, halafu anakuja mwingine, Mjaluo, Mkristo, muuza samaki, anasema ni mimi. Anaweza kusema naongopa ili wewe upate mume. Na anaweza kuniamini, akachukia zaidi."

*

Jumapili Ambaro alikuja saa nne asubuhi, amevaa vazi refu la rangi ya zambarau, Roble nyuma yake na kifurushi. Hakusubiri kukaribishwa. Alimwona Lela mlangoni, akaachia fimbo yake ikaanguka, akamkumbatia.

"Macho ya Mgeni! Hooyo, mwanangu, tazama, macho yale yale ya Mgeni!" Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti laini na hina mpya vidoleni. Alimshika Lela mashavu kwa viganja vyote viwili. "Binti yangu. Usilie. Najua mlikuwa mnapendana. Mungu ameweka mapenzi hayo yawe ya ndugu, yatadumu zaidi."

Roble alikuwa anatazama ukuta. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala.

"Karibu ndani, Mama Roble," Lela alisema. "Huyu ni Mama Asenath. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Nanyi mlikuwa jirani, Majengo."

Ambaro alimtazama mwenye nyumba kwa adabu. "Phelister? Mke wa yule bwana wa reli? Nakukumbuka. Ulikuwa ukiimba ukifua."

"Bado naimba," Mama Asenath alisema. "Keti, mama. Lela amepika chai, na maziwa ni mengi."

Waliketi. Chai ikamiminwa. Ambaro akafungua kifurushi, akakunjua kitambaa cha kijani kilichopigwa pasi mpaka kinang'aa, akamwekea Lela magotini. Lela akaweka mkono juu yake, lakini hakukiinua. Alimtazama Mama Asenath. Mama Asenath akavuta pumzi kama mtu anayetaka kunyanyua gunia.

Akasema yote. Hakupamba. Alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, kilichonyooka, kuhusu mtoto aliyekufa, kuhusu maziwa yaliyokauka, kuhusu ukuta uliogongwa. Katikati ya maneno Roble alisimama, akakaa, akasimama tena. Ambaro hakutikisika. Kikombe chake kilikuwa kimepanda nusu ya njia kwenda mdomoni, na hapo hapo kikabaki.

Mama Asenath alipomaliza, ilisikika redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo.

"Unampenda sana huyu msichana," Ambaro alisema mwishowe.

"Kama wangu."

"Mtu anaweza kusema jambo lolote kwa ajili ya mtoto kama wako."

"Anaweza. Ndiyo maana nilimwambia asijipe moyo."

"Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mwenye macho makali. Angejua."

"Mama mkwe wako hakuingia uani kwetu hata siku moja. Alisema kunanuka samaki." Mama Asenath hakusema hivyo kwa hasira. "Mama, mimi sina shahidi. Mgeni amekufa. Naweza kukwambia tu nilichokiona nikiwa nimempakata. Ziwa la kulia alikuwa akilikataa. Ukimlazimisha anageuza uso hivi, mwenye kiburi. Na akinyonya la kushoto alikuwa hawezi kukaa na mikono bure. Watoto wengine hushika kidole, hushika nguo. Huyu alipanda mpaka kwenye sikio langu. Analivuta, analisokota, mpaka usingizi umchukue. Sikio liliniuma wiki zile zote. Mume wangu alikuwa ananiuliza, nani amekupiga?"

Kikombe cha Ambaro kilirudi kwenye sahani, kikagonga, chai ikamwagika kidogo.

Aligeuka akamtazama mwanawe. Roble alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, ameinama, anasikiliza, na mkono wake wa kulia ulikuwa umepanda wenyewe, bila kutumwa, unasokota ncha ya sikio lake. Alipoona wanamtazama aliushusha upesi kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

"Nilipotoka hospitali," Ambaro alisema polepole, "nilikuwa na maziwa kidogo, nikajaribu. La kulia alikataa. Nikafikiri ni langu ndilo baya. Na lile sikio... nilifikiri amejifunza kwa Mgeni. Lakini Mgeni alivaa mtandio mpaka kidevuni, ndani na nje, tangu afiwe na mtoto. Nilikuwa nikimuuliza, husikii joto?" Akagusa sikio lake mwenyewe. "Angelishikaje sikio lake?"

Hakuwa anawauliza wao.

Machozi yalimshuka taratibu. Lela alitaka kumshika mkono, akaogopa. Furaha yote aliyokuja nayo yule mama ilikuwa inamtoka mbele ya macho yao, na kilichokuwa kinakuja mahali pake hakuna aliyekijua bado.

"Kwa hivyo mwanangu alinyonya kwa Mkristo," alisema.

"Alinyonya," Mama Asenath alijibu. "Na unaona alivyorefuka."

Ambaro alimkazia macho. Kisha akashikwa na kwikwi. Ikaishia kuwa kicheko, kicheko cha mtu aliyechoka kulia. "Ya Rabi! Kila baada ya sala, nimemwombea Mgeni. Na sijakosea, alimchukua mwanangu alipoletwa, alimpa kifua chake cha huzuni. Nitaendelea. Lakini wewe, Phelister, ulikuwa ng'ambo ya ukuta, na sijawahi kukutaja hata mara moja." Akainuka, akaenda mpaka alipoketi mwenzake, akamshika mikono yenye harufu ya samaki, akaiinamia. "Roble. Njoo umsalimie mama yako."

Roble alikuja kama anayetembea ndotoni. Alipiga goti kwenye simiti, akabusu kiganja cha Mama Asenath, na yule mama mkubwa mwenye sauti ya sokoni alikosa sauti kabisa. Aliweza tu kumpapasa kichwa.

Alipoinua uso, Roble alimtazama Lela. Alimwinamishia kichwa kidogo, na Lela akahisi damu yote ikimrudia mwilini.

"Nitamuuliza Maalim Haidari wa msikitini," Ambaro alisema, akijifuta macho na kujikusanya, tayari amekuwa mama wa bwana harusi. "Na wewe, Phelister, utakuja useme kwake kama ulivyosema hapa. Lakini najua atakachojibu. Halafu tutakuja kuposa kwa heshima, si hivi vya kuvamia nyumba ya watu. Kwa nani? Nani wa upande wa binti?"

"Mjomba wangu Abdurahim yuko Kaloleni," Lela alisema. "Na Mama Asenath. Yeye ndiye mama yangu."

"Huyo hapana," Ambaro alisema.

"Hapana vipi?" Mama Asenath alipata sauti yake yote kwa mara moja. "Mimi ndiye nimemlea! Nimekaa naye msiba, nimempokea huyu Mishi kwa mikono hii! Mimi ni wa upande wa Lela!"

"Umemnyonyesha wetu. Wewe ni mama wa mwanamume. Posa inakuja na mama wa mwanamume, na tuko wawili." Ambaro alisema kwa upole, lakini hakukuwa na pa kupita. "Utavaa vizuri, utakaa karibu nami, na utaomba."

"Nimwombe nani? Mtoto wangu mwenyewe? Katika nyumba yangu mwenyewe?"

"Ndiyo."

Roble alianza kucheka. Lela hakuweza kucheka. Alimtazama yule mwanamke aliyemfungulia chumba alipokosa pa kwenda, aliyelisha mtoto wake uji kila Alhamisi ili yeye asome, na akaona kwamba jambo hili, la kumtoa upande wake, ndilo lililokuwa likimuuma Mama Asenath kuliko viapo vyote.

Akaweka kitambaa cha kijani kitini. Akamchukua Mishi kutoka mkekani, akaenda akakaa chini, mbele ya magoti ya Mama Asenath, kama wanavyokaa mabinti wakisukwa nywele.

"Basi usingoje siku hiyo," alimwambia. "Niombe sasa. Nataka wewe uwe wa kwanza kuniomba."

Mama Asenath alimwangalia Ambaro, akamwangalia Roble, akashusha macho kwa Lela. Alilamba midomo.

"Nyathina," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo mtaa wa Jericho haukuwahi kuisikia kwake, "nina kijana wangu."

"Ndiyo, mama," Lela alijibu. "Namkubali."